Kuku Hukaguliwa Usiku

Saa mbili usiku, vyombo vya chakula vikiwa bado mezani, mimi huchukua tochi nikaenda bandani. Baba watoto amezoea. Zamani aliuliza nimesahau nini huko. Siku hizi ananikumbusha tu kuvaa koti, maana Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa Julai haina mzaha na mtu. Nakaa huko nusu saa, wakati mwingine saa nzima, na nikirudi mikono inanuka kuku. Majirani wanadhani nawaogopa wezi. Wezi wapo, ila tochi yangu haiwahusu.

Mchana kuku ni mwongo. Simlaumu. Mnyama anayewindwa na kila mwenye meno, kuanzia kicheche mpaka mbwa wa mtaani, hawezi kuonyesha udhaifu wake hadharani. Ingia bandani saa nne asubuhi na kopo la pumba: hata yule aliyekuwa amejikunyata kwenye kona atasimama, atajikung'uta, atakuja mbio na wenzake na kudonoadonoa kana kwamba anakula. Utahesabu, utakuta wametimia, utaondoka umefurahi. Siku utakayomkuta amelala ubavu mchana kweupe, ujue ugonjwa ulianza zamani na aliyechelewa ni wewe.

Usiku hana wa kumwigizia. Akishapanda kwenye fito na giza likaingia, haoni vizuri, hakimbii, hapigi kelele. Namwinua kwa mikono miwili, namlaza kifua juu ya kiganja, vidole viwili katikati ya miguu yake, naye anatulia kama mtoto aliyebebwa. Naanza na kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Jioni kinatakiwa kiwe kimejaa. Kikiwa kitupu saa mbili usiku, huyu hajala kutwa, hata kama mchana nilimwona akidonoa. Asubuhi ni kinyume chake: kinatakiwa kiwe kimeisha, na kikiwa bado kimevimba kuna kitu kimekwama. Kisha nashuka kwenye mfupa wa kidari. Nyama ikijaa pande zote mbili, sawa. Mfupa ukinikata kiganjani kama mgongo wa kisu, basi kuna minyoo, au kuna ugonjwa unaomla taratibu, au wenzake wanamfukuza kwenye chakula na mimi sijui.

Halafu ile mifupa miwili ya nyonga, karibu na pale yai linapotokea. Kwa tetea anayetaga, vidole viwili au vitatu vinapita katikati bila shida. Kwa aliyeacha kutaga, hata kimoja kinabanwa. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba kuku wangu wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, niliyekuwa nikimwonyesha kila mgeni, alikuwa amekula pumba yangu miezi kadhaa bila kunipa yai hata moja.

Lakini kabla ya kumshika yeyote, nasimama kwanza mlangoni, tochi imezimwa, nasikiliza. Mchana banda lina kelele za soko. Usiku unasikia pumzi. Kuku mzima analala kimya. Ukisikia mkoromo, chafya, au kile kisauti cha kama mtu anayevuta kamasi, unaweza kumfuata kwa sikio mpaka umfikie mwenyewe. Nimewahi kumtambua mgonjwa kwa njia hiyo siku tatu kabla hajavimba jicho.

Na utitiri je? Kuna wale wekundu wanaojificha kwenye nyufa za mbao mchana kutwa na kutoka usiku kunyonya damu. Ukiwatafuta mwilini mwa kuku mchana hutawaona, utabaki kushangaa kwa nini upanga wa kuku, ile nyama nyekundu ya kichwani, umepauka na kwa nini hawataki kuingia bandani jioni. Mimi napitisha kitambaa cheupe chini ya fito saa tatu usiku. Kikirudi na vidoa vya damu, kesho ni siku ya kutoa kila kitu nje, kumwaga maji ya moto kwenye nyufa na kupaka dawa. Chawa ni tofauti, wao wanaishi juu ya kuku saa zote, mayai yao yamegandana kwenye mashina ya manyoya chini ya mkia. Wakumbukeni hao chawa, nitawarudia, kwa aibu.

Mkono huu wa usiku sikuupata kwa mtaalamu. Bibi yangu mzaa mama alifuga Tukuyu, chini ya migomba, na hakuwa na banda. Kuku walilala jikoni, kwenye kichanja juu ya kuni, moshi ukiwapitia. Kila usiku kabla ya kulala bibi aliwapapasa mmoja mmoja gizani, bila taa, akijua kila kuku kwa uzito wake. "Huyu kesho anataga," anasema. "Huyu bado." Alikuwa anakitia kidole kidogo pale nyuma na kuligusa yai lenyewe. Sisi wajukuu tulicheka. Kesho yake yai lilikuwepo.

Nilipokuwa darasa la nne, kuku wote wa bibi walikwisha ndani ya wiki moja. Walianza kwa kusinzia, wakaharisha kijani, wengine wakapinda shingo mpaka kichwa kikaangalia juu, wengine wakatembea kinyumenyume na kuanguka. Wazee walisema upepo umepita. Bibi hakusema kitu. Alisimama jikoni usiku akapapasa kichanja kitupu, kwa mazoea tu, halafu akaenda kulala.

Ule "upepo" ulikuwa kideri, wengine wanauita mdondo. Wazungu waliupa jina la Newcastle, mji wa Uingereza, kwa kuwa huko ndiko ulikotambuliwa mwaka 1926, ingawa mwaka huohuo ulikuwa pia ukiua kuku kwenye kisiwa cha Java. Ni virusi. Hauna dawa. Nasema tena kwa herufi za kawaida kwa sababu nikipiga kelele hamtasoma: hauna dawa. Shubiri haiutibu, pilipili kichaa haiutibu, majivu hayautibu, na ile pombe kali ambayo kuna watu wanaimimina kwenye maji ya kuku inawalewesha tu wafe wakiwa na furaha. Hata kule kwa bibi haukuja na upepo. Nikikumbuka sasa, siku chache kabla, jirani wa juu alikuwa ameuza kwa haraka kuku wake walioanza kusinzia, na wawili walinunuliwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Kuku mgonjwa huwa rahisi bei, na ndiyo maana husafiri mbali.

Na msinidanganye kwamba kuku wa kienyeji hawaugui kideri. Wa bibi walikuwa wa kienyeji kuanzia ukucha mpaka upanga.

Chanjo ipo, na ni tone moja. Ile ya I-2, ambayo mbegu yake ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha. Inavumilia joto kuliko zile nyingine, lakini kuvumilia si kwamba uiache dirishani juani. Tone moja kwenye jicho moja, subiri kuku apepese, mwache. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Tatizo la mfugaji wa uani halipo kwenye tone, lipo kwenye chupa: chupa moja ni ya kuku mia na zaidi, mimi nina ishirini na kitu, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haihifadhiwi. Kwa hiyo mtaani kwetu tumepanga jioni moja kila miezi mitatu. Nyumba sita, chupa moja, tunazunguka na tochi kuanzia saa moja usiku. Mmoja anashika, mmoja anadondosha, mtoto anahesabu. Tukimaliza nyumba ya mwisho kuna chai na maandazi. Wakati mwingine nadhani watu wanakuja kwa ajili ya maandazi, na mimi sina ubishi nao.

Mara moja tulinunua kwenye duka ambalo friji yake, tulikuja kujua baadaye, ilikuwa inazimwa usiku kuokoa umeme. Hiyo haikuwa ya I-2, ilikuwa ya gumboro, ugonjwa wa vifaranga. Vifaranga kumi na nane wakafa wiki ya nne tukiwa tumewachanja siku ya 14 kama tulivyoelekezwa. Tangu hapo nikienda dukani naomba nifungue friji mwenyewe na kugusa chupa kwa mkono. Wananiona mkorofi.

Sasa baridi, maana kila mwaka watu wa huku juu tunakosea palepale. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Mtu akihisi baridi yeye, anaziba banda kwa nailoni na viroba mpaka hakuna pa kupitia hata sindano. Asubuhi akifungua, harufu ya mkojo inamchoma macho. Kama imekuchoma wewe uliyesimama dakika moja, fikiria aliyelala humo saa kumi na mbili. Kuku mkubwa aliyekomaa manyoya haogopi baridi; anaogopa unyevu, upepo wa kumpiga mgongoni, na hewa chafu. Ziba chini, acha wazi juu, chini ya paa. Weka maranda makavu, na hapa tumejaliwa: mashine za mbao za Mafinga hazikosi maranda ya misonobari, na ukikosa, pumba ngumu za mpunga kutoka Mbarali zinafaa. Hayo tu. Vifaranga ni habari nyingine, wao wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza kidogo kila wiki, na anayewasha jiko la mkaa kwenye bruda, pale pa kulelea vifaranga, aache dirisha wazi, la sivyo asubuhi atawakuta wamelala kwa kupendeza na hawaamki.

Nilisema nitarudi kwa chawa.

Mwaka juzi nilikuwa na jogoo. Hakuwa jogoo wa kawaida. Alikuwa malawi, kama tunavyowaita hapa kwa kuwa walituingilia kutoka kwa majirani zetu, ambako serikali yao iliwazalisha kwa miaka mingi pale Mikolongwe na kuwagawa vijijini. Jina lao la kitaalamu ni Black Australorp. Asili yao ni Orpington wa Uingereza waliopelekwa Australia na kuchaguliwa kwa ajili ya mayai, na tetea mmoja wa aina hii huko aliwahi kutaga mayai 364 kwa siku 365. Nawaza sana kuhusu ile siku moja aliyopumzika.

Wangu alikuwa mweusi wa kung'aa kijani juani, kama mgongo wa mbawakawa. Akisimama juu ya tofali na kuwika, watoto wa shule walisimama barabarani. Nami nikaingiwa na kiburi. Nane Nane, maonesho ya wakulima, inafanyika jirani yetu kabisa, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Nimekulia nikienda kutazama ng'ombe wa watu. Kikundi chetu kilipopewa nafasi kwenye mabanda ya mifugo, nikasema safari hii na mimi nitatazamwa.

Nikaanza kusoma jinsi wenzetu wanavyoandaa kuku wa maonesho. Kumbe ni shughuli ya watu wazima. Boston, Marekani, walikuwa na maonesho yao ya kuku tangu 1849, na mwaka 1874 chama chao cha wafugaji kilichapisha kitabu kinachosema kila aina ya kuku inatakiwa iweje, kuanzia rangi ya jicho mpaka idadi ya meno ya upanga. Huko hakimu hafananishi kuku wako na wa jirani. Anamfananisha na maandishi. Australorp aliingizwa humo mwaka 1929: jogoo mzima awe na kilo 3.9 hivi, upanga mmoja uliosimama wenye meno matano, weusi wenye mng'ao wa kijani, na mng'ao wa zambarau ni kasoro. Nikatoka na mzani wa kuning'iniza. Kilo 3 na robo. Nikahesabu meno ya upanga. Sita. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, yakabaki sita. Baba watoto akaniambia hapa Mbeya hakuna anayehesabu meno ya jogoo, nikapata nguvu.

Maandalizi yalichukua mwezi. Nikamtoa juani, kwa sababu jua kali linawafanya weusi wapauke na kuwa kahawia. Nikamzoesha kibanda cha waya, siku ya kwanza dakika kumi, baadaye kutwa, nikipita na kumshika kila mara ili asije akajipigiza mbele za watu. Siku tatu kabla ya maonesho nikamwogesha. Si siku ya mwisho, maana manyoya yanahitaji muda kurudisha mafuta yake. Mabeseni matatu ya maji ya uvuguvugu: la kwanza lenye shampuu ya mtoto, la pili la kusuuza, la tatu la kusuuza tena na siki kidogo. Mtu ambaye hajawahi kumwogesha jogoo hajui. Dakika mbili za kwanza anapigana, halafu ule uvuguvugu unamwingia, anafumba macho, shingo inalegea, unaogopa amekufa. Nilimkausha jikoni kando ya jiko la mkaa, mlango wazi, kwa taulo ambayo mama mkwe alikuja kuiulizia baadaye. Kucha nikazisugua kwa mswaki. Miguu na upanga nikapaka mafuta ya mgando, kidogo tu, vumbi lisishike.

Nilimtazama, nikaona hakuna kilichobaki.

Siku ya pili ya maonesho akaja mzee mmoja kutoka upande wa Mufindi, alikuwa na vizimba vyake upande wa pili. Kofia ya sufu, koti kubwa. "Kamwene," akasema. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Alikuwa na tetea watano wa kienyeji wa rangi ya udongo ambao, nisamehewe, nilikuwa nimewapita bila kuwatazama. Akaomba amshike jogoo wangu. Hakumtazama upanga wala mkia. Alimgeuza kwa mkono mmoja, kifua kikalala kwenye kiganja, mkono wa pili ukapita kidarini, ukashuka nyonga, halafu akapuliza manyoya ya chini ya mkia yakafunguka. Akaniita kwa kidole.

Mayai ya chawa. Yamegandana meupe kwenye mashina ya manyoya kama sukari.

"Binti," akasema taratibu, bila kunidhalilisha, "umefua kanzu. Mwenye kanzu hukumwogesha."

Sina la kujitetea. Mimi niliyekuwa napapasa kuku kila usiku, mwezi mzima yule jogoo nilimshika mchana tu, nikitazama anavyong'aa. Mzee akanipa unga wa dawa kutoka mfukoni mwake, akanionyesha namna ya kuupenyeza mpaka kwenye ngozi na kurudia baada ya siku kumi hivi, kwa kuwa unaua chawa na kuacha mayai. Kisha, akiwa anaondoka: "Na ukirudi nyumbani usimlaze na wenzake. Wiki mbili, tatu, peke yake." Nikasema ndiyo baba.

Vumbi la Agosti mnalijua. Watu walipita maelfu, watoto walichomeka vidole na karanga kwenye waya, jogoo chotara wa Kuroiler kwenye kizimba cha kulia alipiga chafya siku nzima na mwenyewe akasema ni vumbi, nami nikasema ni vumbi kweli. Chombo cha maji kilipopasuka tukaazimana kimoja. Jioni ya tarehe 8 tulifunga, tukapakia kwenye bajaji, nikafika nyumbani miguu inawaka moto. Lile banda dogo la pembeni lilikuwa limejaa magunia ya mashudu. Nikasema kesho nitalitoa. Nikafungua banda kubwa, nikamweka kwenye fito yake ya zamani, nikaenda kulala. Usiku huo sikusikiliza. Na wa pili sikusikiliza.

Usiku wa tatu nilifungua mlango nikasikia kabla sijazima tochi. Mkoromo kila upande. Na harufu: ya kitu kinachooza, tamu kidogo, inakaa nyuma ya koo. Jogoo wangu alikuwa amevimba uso upande mmoja, jicho limefumba, kamasi puani imegandana na vumbi. Tetea wanne walikuwa wameanza vilevile.

Ile harufu ndiyo inayotofautisha. Macho yakivimba na kutoa uchafu mweupe mzito bila harufu, yawezekana ni upungufu wa vitamini A, majani mabichi yakawa sehemu ya tiba. Vipele vya ukoko kwenye upanga na kope ni ndui, inayoenezwa na mbu. Hii ya kwangu ilikuwa mafua ya kuku, yanayoletwa na bakteria, si virusi, nayo hukimbia: ndani ya siku moja hadi tatu tangu wakutane, wanaanza kuumwa. Chanjo ya kideri ilikuwa imefanya kazi yake na ninaishukuru, lakini kila chanjo na mlango wake.

Daktari wa mifugo alikuja kesho yake, akathibitisha, akatoa dawa ya kuweka kwenye maji kwa siku tano. Wawili walikufa, mmoja nilimchinja na kumfukia kwa sababu alikuwa anateseka. Mayai yalishuka kutoka kumi na moja kwa siku mpaka matatu, na hayo matatu niliyafukia pia, mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zilipoisha. Watoto waliniona nikifukia mayai wakadhani mama amechanganyikiwa. Nakutana na watu wanaouza mayai siku ileile wanayoweka dawa kwenye maji. Wanayauza kwetu sisi.

Kuku wakapona. Jogoo akarudisha uso wake, akarudisha sauti, baada ya mwezi akawa anang'aa kuliko alivyokwenda kwenye maonesho. Hapo ndipo daktari aliponiambia lile ambalo sikutaka kulisikia: kuku aliyepona mafua haya hubaki nayo. Dawa inazima ugonjwa, haimfukuzi mdudu. Anakula, anawika, anapanda tetea, na kila kifaranga nitakayemwingiza bandani atamwambukiza. Vile vijidudu vyenyewe ni dhaifu, nje ya mwili wa kuku havimalizi siku nyingi. Nyumba yao ya kudumu ni kuku aliyepona.

Wiki hiyohiyo mtu mmoja aliyemwona jogoo kule viwanjani alinipigia. Alitoa shilingi 60,000. Nilikuwa nimetumia zaidi ya hizo kwa dawa na chakula. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akasema yeye hana shida, atamchanganya na wake hivyohivyo, amepona si amepona? Nikamkatalia. Akanitukana, si sana. Nilimfikiria bibi na wale kuku wawili walionunuliwa nyumba ya pili.

Kwa hiyo nikafunga banda. Hakuna kuku aliyeingia, hakuna aliyetoka akiwa hai. Waliendelea kutaga, na kila aliyeacha kutaga, nikihakikisha kwa vidole usiku, aliishia sufuriani. Ilichukua karibu mwaka. Kuku kumi na wanane, kumi na wawili, saba. Mtaani tukawa tunajulikana kwa mchuzi. Jogoo nilimwacha wa mwisho, nikajidai ni kwa sababu ya kuwalinda tetea na mwewe.

Mama alikuja kutoka Tukuyu siku tuliyomchinja. Nilimchemsha saa tatu na ndizi. Mama alitafuna kwa muda mrefu, akaweka mfupa pembeni, akauliza, "Huyu ndiye mliyemwogesha kwa shampuu?"

"Ndiye, mama."

"Mgumu."

Banda lilikaa tupu mwezi mzima. Maranda tuliyachoma, fito tukabadilisha, kuta tukapaka chokaa. Usiku wa kwanza nilitoka na tochi kama kawaida, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka, nikasimama kidogo, nikarudi ndani.

Sasa kuna vifaranga hamsini kwenye bruda, wa siku tisa, nusu malawi na nusu wa kienyeji ambao mayai yao niliyafuata mwenyewe Mufindi, ya rangi ya udongo. Lile banda dogo la pembeni halina gunia hata moja na funguo yake naiweka mimi. Usiku wa jana walikuwa wamejisambaza vizuri, kelele ndogondogo za kuridhika, joto sawa. Mmoja tu alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta, macho nusu. Nilimwinua nikagusa kile kifuko chini ya shingo. Kitupu. Nimemweka kwenye boksi jikoni na chupa ya maji ya moto, na hapa nilipo naandika nikiwa nasubiri saa nane nikamguse tena.